Programu ya Zamani Inafunguka Leo, Kesho Inagoma

Ukipita kwenye ofisi nyingi za mikoani, nyuma ya kaunta utakuta programu yenye umri mkubwa kuliko karani anayeitumia. Ya stoo, ya mikopo ya SACCOS, ya ada za shule, ya duka la dawa la jumla. Mara nyingi iliandikwa kwa Delphi, zana ya kutengenezea programu iliyoingia sokoni mwaka 1995, na data zake zimelala kwenye majedwali ya Paradox, hifadhidata ya zamani ya mafaili, ndani ya folda moja inayotumiwa na ofisi nzima. Aliyeiandika ameshahama mji, au namba yake haipatikani. Kazi inaifanya vizuri tu: inatoa risiti, inakokotoa riba, inafunga hesabu za mwezi. Kinachofanya niitwe ni kwamba kuna siku inafunguka na kuna siku inagoma.

Simu yenyewe huwa hivi: "Kaka, jana jioni tumefunga vizuri kabisa. Leo nabonyeza, kinatokea kiboksi, nikibonyeza OK kinapotea na programu nayo inapotea. Lakini ya mwenzangu imefunguka." Ukifika na begi lako, inafunguka mbele yako bila shida yoyote, na mhasibu anakuangalia akijiuliza kwa nini alipe nauli yako.

Ninachoshikilia siku zote kwenye makosa ya namna hii ni kwamba kompyuta haisusi. Ikigoma leo na kukubali kesho, kuna sharti lililotimia leo ambalo jana halikuwepo: nani alitangulia kuingia, mashine iliwashwa upya au la, umeme ulicheza saa ngapi, nafasi ya diski imefikia wapi. Kazi ya fundi ni kulitafuta sharti hilo. Kupiga Windows upya hakulitafuti. Kunalifukia kwa muda, na likirudi utakuta umeshafuta na ule usanidi pekee uliokuwa unafanya kazi.

Daftari kabla ya bisibisi

"Imeandika error" haikusaidii chochote. Mwambie kila anayetumia programu apige picha ya kiboksi kwa simu kabla hajabonyeza kitu, maandishi yote yasomeke, pamoja na ile namba inayoanza na alama ya dola. Kosa namba $2108, ujumbe wa "Directory is controlled by other .NET file" na ujumbe wa "Insufficient disk space" ni makosa matatu yasiyo na undugu wowote, ingawa kwa karani yote ni "imegoma".

Kisha weka daftari la kawaida, lile la shule, mezani. Saa, mashine gani, imewashwa lini, umeme umekatika au la, na nani alikuwa ameshaingia kwenye programu. Hiyo safu ya mwisho watu wanapenda kuiruka, nami ndiyo imenipa majibu mengi kuliko zana yoyote. Katika SACCOS moja daftari lilionyesha kwamba mashine ya mikopo inagoma siku zile tu ambazo keshia amewahi kazini. Keshia akichelewa, ya mikopo inafunguka na inayogoma ni ya keshia. Hapo huhitaji tena kuhisi virusi wala kubadilisha RAM. Mashine mbili zinagombania kitu, na anayetangulia ndiye anayekipata.

Hakuna seva humo

Ili uelewe zinagombania nini, lazima ujue Paradox inavyofanya kazi. Ile mashine ya kona mnayoiita seva inatunza mafaili tu. Haijui jedwali ni nini wala mteja ni nani. Kila mashine ya ofisini ina injini yake, Borland Database Engine, wengi tunaiita BDE, na kila injini inafungua mafaili yaleyale kupitia mtandao, inasoma, inaandika. Ili zisikanyagane, zinaachiana alama kwenye mafaili madogo ya kufuli: PDOXUSRS.NET kwenye folda moja ya pamoja, PDOXUSRS.LCK kwenye folda ya data, na PARADOX.LCK kwenye folda binafsi ya kila mtumiaji, ile ambayo injini inawekea mafaili yake ya muda. Ni kama nyumba ya kupanga yenye choo kimoja na ufunguo unaoning'inia ukutani: mambo yanakwenda vizuri mradi wapangaji wote wanajua ukuta ni upi, na hakuna anayeondoka na ufunguo mfukoni.

Sasa turudi kwa keshia na dada wa mikopo. Kwenye mipangilio ya BDE, chini ya kiendeshi cha Paradox, kuna sehemu inaitwa NET DIR. Hapo ndipo unapoiambia injini faili la PDOXUSRS.NET liko wapi. Mashine ya keshia ilielekezwa kwenye folda ya pamoja. Ya mikopo iliwekwa na mtu mwenye haraka, NET DIR ikabaki C:\. Kwa hiyo kila moja ilikuwa na ukuta wake. Aliyetangulia asubuhi aliweka kufuli lake kwenye folda ya data, na wa pili alipofika akakuta folda inatawaliwa na faili jingine la .NET. Ndivyo ujumbe ule ulivyokuwa unasema tangu mwanzo, neno kwa neno, ila hakuna aliyekuwa ameusoma mpaka mwisho.

C:\ ina ubaya mwingine. Tangu Windows Vista, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika faili kwenye mzizi wa diski C. Mashine ileile itafunguka akiingia fundi mwenye haki za msimamizi na kugoma akiingia karani. Fundi anaondoka akiapa kwamba kila kitu ni kizima.

Tiba ni kutengeneza folda moja kwenye mashine ya data, ya faili hilo tu, tofauti na folda ya majedwali, kisha kila mashine ielekezwe hapo kwa herufi ileile na njia ileile. Ukisema F:\NET, basi iwe F:\NET kila mahali, pamoja na mashine yenyewe inayotunza data kama kuna mtu anaitumia kufanyia kazi. Hiyo ndiyo inayosahaulika. Yenyewe huona data kwa njia ya C:\ wakati wenzake wanaona F:. Iunganishie diski F inayoelekea kwake yenyewe, na kwenye mipangilio ya BDE uweke LOCAL SHARE, inayoiambia injini kwamba mafaili ya hapo yanatumiwa na wengine pia, kuwa TRUE.

Ukiwa hapohapo, angalia shotikati ya programu. Ikiwa programu yenyewe inaendeshwa kutoka kwenye folda ya mtandao, na ile sehemu ya "Start in" inaelekea kwenye folda hiyo, na mwandishi wa programu hakutaja folda binafsi, BDE itachukua folda hiyo kuwa binafsi kwa kila mtu. Wa kwanza anaingia, wa pili anapewa "Directory is busy". Tengeneza C:\BINAFSI kwenye kila mashine, mpe mtumiaji haki ya kuandika humo, na uielekeze shotikati huko. Programu chache zitalalamika kwamba hazioni mafaili yake ya ripoti, kwa hiyo jaribu kwenye mashine moja kwanza.

Ile inayopona ukiizima na kuiwasha

Kosa $2108 wakati wa kuanzisha BDE ndilo linalowafanya watu waamini uchawi. Linakuja asubuhi, unazima mashine, unawasha, linaondoka. Baada ya siku kadhaa linarudi kwenye mashine nyingine kabisa.

BDE inapoanza inatenga eneo la kumbukumbu litakalotumiwa na programu zote za BDE kwenye mashine hiyo, na inalitaka eneo hilo kwenye anwani iliyopangwa. Zamani haikuwa taabu. Lakini kuanzia Vista, kwa sababu za usalama, Windows inazipanga maktaba zake kwenye anwani za kubahatisha, na mpangilio unabadilika kila mashine inapowashwa. Leo anwani ile iko wazi. Kesho imekaliwa na maktaba ya antivairasi, au ya printa uliyoongeza wiki iliyopita. Kuzima na kuwasha ni kurusha dado upya tu.

Fungua BDE Administrator, nenda Configuration, kisha System, kisha INIT. Weka SHAREDMEMLOCATION iwe 5BDE, na kama bado inasumbua jaribu 0BDE. Ongeza SHAREDMEMSIZE kutoka 2048 hadi 4096. Funga programu zote zinazotumia BDE kisha uanze upya. Muhimu: BDE Administrator uifungue kwa "Run as administrator". Ukiifungua kawaida, Windows inaweza kuandika mabadiliko yako kwenye nakala ya pembeni ya mtumiaji huyo, ile inayokaa kwenye VirtualStore. Wewe utayaona mabadiliko yapo, mwenzako akiingia kwa jina lake hayapo, na kosa lako linaanza kuchagua watu.

Umeme ukicheza

Tunapoishi umeme unakatika, kwa hiyo ofisi nyingi zimeinunulia seva UPS. Vizuri. Sasa fuata waya wa swichi ya mtandao uone umechomekwa wapi. Mara nyingi utaukuta kwenye soketi ya ukutani, au kwenye ekstensheni moja na birika la chai. Umeme ukipepesa kwa nusu dakika, seva haihisi kitu, swichi inazimika na kuwaka, na mashine zote zinapoteza mawasiliano na mafaili zilizokuwa zimeyafungua. Kufuli zinabaki mlangoni bila mwenyewe. Watu wanaendelea kunywa chai, umeme "umerudi", halafu nusu ya ofisi haiwezi kuingia.

Swichi ya kawaida ya ofisi ndogo inakula umeme kidogo mno. Ihamishie kwenye UPS ya seva leo hii, na mashine ya kuandikia angalau moja nayo ipate UPS yake. Hakuna ushauri wa bei rahisi zaidi ya huu katika makala hii.

Kufuli zilizobaki zinafutwa, lakini kwa utaratibu. Kila mtu atoke kwenye programu, si kwa kuulizwa "umetoka?" kwa sauti kutoka mlangoni. Kwenye mashine ya data fungua fsmgmt.msc, nenda Open Files, uhakikishe hakuna faili hata moja la folda ile linaloshikiliwa. Utakuta jina la meneja, ambaye yuko safarini na mashine yake imefungwa ofisini ikiwa hai. Ukishapata orodha tupu, futa PDOXUSRS.NET, PDOXUSRS.LCK zote na PARADOX.LCK zote. Zitatengenezwa upya zenyewe. Ukizifuta mtu akiwa ndani, wawili wanaweza kuandika rekodi moja kwa wakati mmoja bila kuonana, na kosa la kufunguka unaligeuza kuwa la hesabu zisizolingana.

Na kabla ya kufuta, nakili folda nzima. Nasema nzima kwa sababu nimekuta watu wanahifadhi mafaili ya .DB peke yake. Maelezo marefu yanakaa kwenye .MB, faharasa kuu kwenye .PX, faharasa nyingine kwenye yale yanayoanza na .X na .Y, na masharti ya kuingiza data kwenye .VAL. Ukirudisha .DB ya jana juu ya .MB ya leo umejitafutia kazi ya mwezi.

Diski imejaa wakati haijajaa

Hili nalipenda kwa sababu kila anayelisikia mara ya kwanza anabisha. Kwenye duka moja la dawa la jumla, mashine ya mauzo ilikuwa inasema "Insufficient disk space" huku diski C ikiwa na nafasi ya GB 12. Kijana wa pale alikuwa na dawa yake: anafuta video moja, programu inafunguka. Siku nyingine anafuta na haifunguki. Siku nyingine tena Windows inapakua masasisho, nafasi inapungua, na programu inafunguka yenyewe.

BDE iliandikwa enzi za diski ndogo. Inahesabu nafasi iliyobaki kwa namba ya biti 32, ambayo ikifika baiti 4,294,967,296, yaani GB 4, inarudi sifuri na kuanza upya. Ukiwa na GB 12 na vipande vichache vya MB, yenyewe inaona vile vipande tu, na inakataa. Ukiwa na GB 11 na nusu inaona GB 3 na nusu, na inaridhika. Kwa hiyo kila nafasi ya diski inapokuwa imezidi kidogo tu kigawe cha 4, iwe 4, 8, 12, 16 au 100, kosa linaibuka. Nafasi ikisogea, linapotea.

Thibitisha kwanza: kosa likitokea, bonyeza kulia kwenye diski, tazama Properties, usome nafasi iliyo wazi. Kama ni GB 12.0 au 40.1, umempata mchawi. Fungua Command Prompt kwa haki za msimamizi na uandike:

fsutil file createnew C:\kizibo.dat 209715200

Umetengeneza faili la MB 200 lisilo na kitu ndani, na nafasi imeshuka chini ya kigawe. Programu itafunguka palepale. Nafasi ikisogea tena na kosa likarudi, lifute. Siyo suluhisho la heshima, lakini linafanya kazi saa mbili asubuhi wateja wakiwa wamepanga foleni. La kudumu zaidi ni kuipa folda binafsi kizigeu chake kidogo cha GB 2, ambacho hakiwezi kufika kwenye kigawe chochote.

Mtandao wenyewe

Mambo mengine ya mtandao nitayapitia haraka. Programu ikigoma dakika za mwanzo tu baada ya kuwasha, fungua folda ya mtandao kwa mkono kwanza. Ikifunguka na programu nayo ikakubali, ni kwamba Windows ilimruhusu mtu aingie kabla kadi ya mtandao haijawa tayari. Kwenye Group Policy kuna mpangilio wa "Always wait for the network at computer startup and logon", uwashe. Pia izuie Windows kuizima kadi ya mtandao kwa ajili ya kuokoa umeme.

Kama "seva" yenu ni Windows ya kawaida ya mezani, ina kikomo cha wanaounganishwa kwa wakati mmoja: 10 kwa XP Professional, 20 kwa Windows 10. Watu wanahesabu wafanyakazi na kusahau skana inayotuma nyaraka kwenye folda, na ile kompyuta mpakato ya mkaguzi. Wa mwisho kufika ndiye anayekataliwa, na kila siku wa mwisho ni mtu tofauti.

Laptopu ya Wi-Fi isiguse majedwali ya Paradox. Sina maelezo marefu hapa. Waya, basi.

Kitu kinachohitaji uangalifu zaidi ni kumbukumbu za muda za SMB, ile njia ya Windows ya kushirikisha mafaili. Toleo la 2 na kuendelea, mashine ya mteja inakumbuka kwa sekunde kadhaa majibu iliyopewa, hata jibu la "faili hilo halipo". Kwa faili la Word hakuna neno. Kwa faili la kufuli, sekunde 5 za kuamini kwamba halipo wakati mwenzako ameshaliweka ni nyingi. Kwenye rejistri, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, ya kila mteja, chini ya LanmanWorkstation\Parameters, weka DirectoryCacheLifetime, FileInfoCacheLifetime na FileNotFoundCacheLifetime ziwe 0. Kwenye mashine ya data, PowerShell yenye haki za msimamizi, zima leasing, yaani ruhusa ya mteja kushikilia nakala ya faili kwake: Set-SmbServerConfiguration -EnableLeasing $false. Kasi itashuka kidogo kwenye mafaili mengine, na kwa ofisi ya watu saba hakuna atakayegundua.

Utakutana na fundi atakayekuambia urudishe SMB 1 kwa sababu "zamani ilikuwa haisumbui". Mkatalie. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017 iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilisambaa kupitia tundu la SMB 1, na ofisi yenye programu ya zamani huwa ndiyo ile yenye Windows isiyosasishwa na nakala rudufu isiyojaribiwa.

Kuhusu kuhama

Bosi atauliza: si tununue mpya tu? Ndiyo, mtanunua, na mwambie aanze kuweka bajeti sasa. Lakini asinunue kwa hasira ya asubuhi moja. Programu mpya itataka data safi, na data safi inatoka kwenye ile ya zamani ikiwa inafunguka kila siku bila maneno. Itulize kwanza, iache ifunge mwaka wa hesabu, ndipo mhamishe.

Wakati mnasubiri, tafuta kisakinishi cha BDE na uhakikishe kinasakinika kwenye mashine yenye Windows mnayotumia sasa. Kiweke kwenye flashi pamoja na IDAPI32.CFG, faili la mipangilio ya BDE, ya mashine inayofanya kazi vizuri, na karatasi yenye thamani za NET DIR, LOCAL SHARE na zile mbili za kumbukumbu. Flashi ya pili ikae kwa mhasibu, maana siku mashine ya kona itakapokufa wewe unaweza kuwa uko kijijini.